Mkia wa Punda

Kila Jumapili, kabla sijamaliza kukaza turubai,
Anargiro keshafika, kofia mkononi,
anauliza kama nimepata Nemea.

Si Akropoli. Akropoli ninazo sanduku zima,
za mchana, za mbalamwezi, na zile za rangi ya chungwa
ambayo jua la Athene halijapata kuivaa.
Delfi ninazo. Olimpia ninazo.
Watalii huzinunua kwa rundo, tano kwa yuro mbili,
wala hakuna anayegeuza nyuma kusoma.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame.
Yeye huinama. Magoti yanalia kama mlango wa ghala.
Anavuta masanduku chini ya meza yangu,
ya viatu, ya biskuti, moja la kofia ya askofu,
anapekua kwa kidole kimoja, upesi,
kama karani anayehesabu fedha isiyo yake.

Mwaka wa kwanza nilimdhani ana wazimu.
Mtu gani hukusanya postikadi ileile?
Hekalu la Zeu: nguzo tatu wima,
nyingine zimelala nyasini vipande vipande
kama mkate uliokatwa, walaji wakaitwa nje.
Alikuwa nazo ishirini na sita.
Ya ishirini na saba nikaipandishia bei nimkomeshe.
Akalipa. Hakupunguziwa hata senti, hakuomba.
Nikamwambia, basi kaa, nionyeshe unachokiona.

Akatoa mfukoni kioo cha kukuzia, mpini wake umefungwa uzi.
Chini, kushoto, karibu na ukingo mweupe,
mtoto na punda.
Mtoto ni mdogo kuliko punje ya mchele.
Kaptura. Kiganja juu ya paji la uso.
"Strati," akasema. "Mdogo wangu."

Mwanamke mmoja akauliza bei ya birika la shaba.
Nikamjibu. Akaenda zake.

"Siku ile nilitumwa mimi kumnywesha punda.
Nikasema tumbo linaniuma."

Hakusema zaidi mpaka Jumapili ya tatu:
meli ya Pireo, Strati ana miaka kumi na saba,
Melbourne, barua mbili, kadi moja ya Krismasi,
kisha kimya cha miaka hamsini na kitu.

Jambo jingine nililigundua mwenyewe.
Katika chapa za baadaye mtoto hayupo.
Mwenye kiwanda alitaka ukale mtupu, usiovaa kaptura,
akamwambia fundi wake aoteshe nyasi pale kwa brashi.
Fundi akaotesha. Akamfuta mtoto, akamfuta punda,
akausahau mkia.
Upo mpaka leo, unaning'inia hewani
nyuma yake miaka elfu mbili na mia tatu ya mawe.

"Na hizi za mkia wazinunulia nini?"
"Nazipunguza," akasema.

Nyuma ya moja, kwa wino wa zambarau,
mgeni amemwandikia shangazi yake:
*joto, nzi, mvinyo mzuri; huku hakuna mtu.*
Hiyo ni ya chapa ya kwanza. Mtoto yumo.

Siku hizi Nemea wameinua nguzo nyingine,
pande juu ya pande, kwa winchi na subira.
Nilimuuliza kama amekwenda kuziona.
Alikwenda. Alizunguka saa nzima na kioo chake,
nguzo zimekuwa nyingi, hakujua
punda alisimama wapi.

Juzi nimenunua makaratasi ya marehemu mmoja wa Patra,
kilo nane, risiti za mafuta na ndoa za watu.
Ndani yake, Nemea moja. Kushoto, chini, punje ya mchele.
Sikuiweka mezani.
Nimeichomeka ndani ya sanduku la askofu,
nyuma ya Korintho, chini kabisa.

Saa moja kasorobo. Turubai bado limelegea upande mmoja.
Nayasikia magoti.